Lantana ekari mbili kando ya ziwa, Kayenze: ikifyekwa inarudi. Dawa gani, kipimo gani, na msimu gani?

ShambaKayenze

Wakuu habari za mchana, na wakubwa zangu shikamooni.

Eneo ni ekari tatu, Kayenze, Ilemela. Chini linaishia ziwani, juu ni mawe yetu haya ya Mwanza. Lantana imefunga kama ekari mbili, kimo cha mtu mzima na pengine zaidi. Ni ile yenye maua ya njano na waridi kwenye kishada kimoja, shina lina vimiiba, jani ukilifikicha linanuka. Imefyekwa kwa panga mara mbili, na palipokuwa na shina moja sasa kuna machipukizi kumi.

Dukani kwenye pembejeo ushauri ni glaifoseti (dawa ya kuua magugu), kipimo kizidishwe mara mbili na dizeli iongezwe kidogo kwenye bomba "ili inase". Bomba ni la mgongoni, lita 16. Lengo ni malisho ya mbuzi na miembe michache upande wa juu.

Sasa ni Agosti. Nipulize au nisubiri mvua? Kipimo sahihi ni kipi? Na hiyo dizeli vipi?

NgitiliMagu

Mkuu, Agosti usipulize. Utachoma hela.

Glaifoseti haiui jani, inalitumia jani kama mlango. Ikishaingia inafuata chakula kinachotoka kwenye jani kushuka mizizini, na kule ndiko inakofanya kazi. Kiangazi lantana imekunja majani, mengine yamepukutika, chakula hakishuki. Ukipulizia sasa utaona imekauka vizuri kabisa, utafurahi, halafu mvua za vuli zikianza inachipua chini kama vile hukuigusa.

Jambo la pili ni kimo. Kichaka cha kimo cha mtu hukiwezi kwa bomba la mgongoni. Majani ya nje yanapata dawa, ya ndani na ya juu hayapati, na kila shina lililokosa dawa linalisha mzizi uleule. Utamaliza bomba zima kwenye vichaka vinne.

Kwa hiyo kazi ya sasa ni panga na shoka. Kata chini kabisa, kisiki kisizidi upana wa kiganja. Matawi usiyaache yamelala kwenye udongo, maana lantana ikigusa udongo wenye unyevu inatoa mizizi palepale kwenye pingili na unakuwa umeipanda mwenyewe. Yaweke juu ya mawe yakauke. Yenye matunda, yawe mabichi ya kijani au meusi yaliyoiva, yarundike sehemu moja tu unayoikumbuka. Mbegu zitaota hapo, nawe utajua pa kwenda kung'oa.

Vuli ikianza Oktoba visiki vitachipua. Viache. Vikifika kati ya goti na kiuno, jani pana na laini, bado havijaanza kuchanua kwa wingi, hapo ndipo unapuliza. Kwa huku kwetu ni mwishoni mwa Novemba hadi Desemba, mvua ikiwa nzuri. Ukipuliza machipukizi yakiwa chini ya goti jani ni dogo mno kulinganisha na mzizi uliopo chini, dawa inayoingia haitoshi. Watu wengi wanakosea hapo kwa haraka, wanaona kijani kimetokea tu wanakimbilia bomba.

Ukishapuliza usiguse. Usikate, usichome moto, usilime, wiki sita nzima. Machi na Aprili unarudi na bomba kwa vilivyobaki, vitakuwa vichache. Miche ya mbegu usiipulizie, ing'oe kwa mkono udongo ukiwa umelowa. Iliyozidi goti itataka sururu, na hakikisha kile kifundo cha chini mizizi inapoanzia kimetoka chote, maana kikibaki kinachipua tena.

FundiBomba

Hapo juu kamaliza msimu. Mimi niongeze kipimo, maana watu wanavurugwa na namba za kwenye chupa.

Chupa nyingi zimeandikwa 480. Hizo ni gramu za *chumvi* ya isopropilamini kwa lita. Glaifoseti yenyewe ndani yake ni kama gramu 360. Nyingine imeandikwa 360 na ni nguvu ileile. Mtu anadhani 480 ni kali zaidi, anapunguza kipimo, kumbe kapunjika. Soma ule mstari mdogo wa chini kwenye lebo. Ile ya punje kwenye pakiti, iliyoandikwa asilimia 75.7, ina karibu gramu 690 kwa kilo.

Kwa bomba la lita 16, dawa ya 360:
machipukizi laini, mililita 160;
visiki vinene vilivyochipua, au jani lililoanza kukomaa, mililita 240.
Kwa ile ya punje ni kama gramu 84 na gramu 125, kwa mizani. Kifuniko cha soda si kipimo. Lebo ya chupa yako ikisema tofauti, fuata lebo, na iwe na namba ya usajili ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu (zamani TPRI). Isiyo na namba iache hukohuko dukani.

Kuzidisha mara mbili kunakurudisha nyuma. Jani likiungua siku ya pili, njia ya kwenda mzizini imekufa kabla dawa haijapita. Glaifoseti iliyofanya kazi vizuri inaonekana polepole: wiki moja hadi mbili jani linapauka na kuwa njano, baadaye linakauka. Ukiona imekauka ndani ya siku mbili, usishangilie. Kwa sababu hiyohiyo usichanganye na zile za kuunguza kama parakwati. Achilia mbali kwamba parakwati mtu akimeza hakuna dawa ya kuiondoa mwilini.

Dizeli: glaifoseti inayeyuka kwenye maji, haichangamani na mafuta. Dizeli itaelea juu ndani ya bomba. Utapuliza dawa tupu mwanzoni na dizeli tupu mwishoni, na mipira ya vali itavimba. Huenda muuzaji amesikia habari za triklopiri ile inayoyeyuka kwenye mafuta, ambayo hupakwa na dizeli kwenye gamba la shina sehemu ya chini bila kukata. Ipo njia hiyo, lakini ni dawa nyingine na kazi nyingine, na kando ya ziwa siishauri kabisa kwa sababu aina hiyo ni sumu kali kwa samaki.

Maji ndiyo yanayowaangusha wengi. Glaifoseti inang'ang'ania tope. Ukichota ziwani penye matope au mwani wa kijani, dawa inajishika kwenye uchafu humohumo ndani ya bomba na jani linapata maji tu. Chota, acha yatulie usiku kucha, chuja kwa kitambaa. Maji ya ziwa letu si magumu, yaani hayana madini mengi, kwa hiyo tatizo lake ni uchafu peke yake. Ya kisima kirefu yanaweza kuwa magumu. Jaribu na sabuni: povu likigoma, weka SA (salfeti ya amonia) ile ya mbolea gramu 320 kwa lita 16. Yeyusha kwanza kwenye ndoo, chuja, mimina kwenye bomba lenye maji nusu, *ndipo* uweke dawa, halafu ujaze. Ukitanguliza dawa, madini yameshaikamata.

Nozeli tumia ya bapa, presha ndogo, matone makubwa. Jani lilowe lisidondoshe. Dawa ikianza kuchuruzika kwenye ncha ya jani umeshapitiliza.

Na pima kabla ya kununua. Jaza maji matupu, puliza eneo la mita 10 kwa 10 lenye machipukizi kama ulivyoyazoea, angalia yametumika kiasi gani. Tuseme lita 4. Bomba moja linamaliza mita za mraba 400, ekari ni kama bomba kumi, yaani dawa lita 2.4 kwa kipimo cha 240. Ukinunua bila kupima utabaki na dawa ya kuweka chini ya kitanda.

ShambaKayenze

Asanteni sana, hapa nimepata shule. Mawili zaidi. Jirani upande wa juu ana nyanya, na ng'ambo ya barabara kuna pamba. Halafu nimeona dawa ya magugu ya 2,4-D ni nafuu, na wanasema haiui nyasi, ambazo ndizo ninazozitaka. Kwa nini nisitumie hiyo?

PambaMisungwi

Mkuu, neno "pamba" na neno "2,4-D" visikae kwenye sentensi moja.

Pamba ni katika mimea inayodhurika haraka kuliko yote kwa 2,4-D, na nyanya inaifuata kwa karibu. Mvuke kidogo tu uliobebwa na upepo, jani la pamba linajikunja na kuwa jembamba kama vidole vya chura, na vitumba vinaharibika. 2,4-D ya aina ya esta inageuka mvuke hata baada ya kutua, siku yenye joto inaweza kusafiri mbali bila upepo wa maana. Ya aina ya amini ni afadhali lakini matone yake yanapeperuka kama ya dawa nyingine yoyote. Pamba ya Kanda ya Ziwa inapandwa kuanzia Novemba, na wewe utapuliza Novemba na Desemba. Ndiyo hiyo hesabu.

Shida nyingine ni bomba lenyewe. Bomba lililobeba 2,4-D likisuuzwa kwa maji tu, mabaki yanabaki kwenye mipira ya vali na mpira wa hose. Jirani akija kuliazima apulize wadudu kwenye pamba yake, kesho mnaitana kwa mwenyekiti wa mtaa. Kama ni lazima mtu aitumie, awe na bomba lake la magugu peke yake, lenye alama ya rangi.

Na kwa lantana iliyokomaa 2,4-D peke yake haifui dafu. Inafanya kazi kwenye miche na machipukizi machanga sana, kisiki kinene kinaicheka. Kaa na glaifoseti. Ndiyo, inaua nyasi inapotua, lakini haibaki na nguvu udongoni, na nyasi utazirudisha.

Nyanya za jirani pia zitakufa na glaifoseti ikizifikia, kwa hiyo upepo ni jambo la kuangalia. Hapo wavuvi wanajua kuliko sisi.

UfukweniIgombe

Ndiyo, upepo wa ziwa una ratiba yake. Alfajiri unatoka nchi kavu kwenda majini, jua likipanda unageuka na kutoka majini kuja nchi kavu, mchana unashika kasi. Kwa shamba lako maana yake ni hii: ukipuliza alfajiri upande wa chini, dawa inakwenda ziwani, ukipuliza saa nane mchana, inakwenda kwa nyanya. Dirisha lako ni kama saa tatu hadi saa tano asubuhi, umande umekauka, upepo umeshageuka lakini bado ni wa kutikisa jani tu. Kukiwa shwari kabisa alfajiri pia si salama, matone madogo yanaelea hewani na hujui yatatua wapi. Upande wa nyanya kata kitako cha ndoo ya plastiki, ipitishe kwenye mkono wa bomba iwe kama kengele juu ya nozeli, pulizia ndani yake kisiki kimoja kimoja. Na upate muda wa saa sita mfululizo bila mvua baada ya kupuliza.

Sasa suala ambalo hakuna aliyeligusa. Upande wa chini usipulize kabisa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imelinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, hati au si hati. Shughuli ya kudumu au yoyote inayoweza kuharibu ukingo hairuhusiwi, na kupulizia sumu pale ni kutafuta maneno. Uliza ofisi ya NEMC (baraza la mazingira la taifa) Kanda ya Ziwa au Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria kabla ya kung'oa chochote kwa wingi, kwa sababu hata kuacha ukingo wazi wakati wa mvua ni kosa jingine: udongo wote utashuka majini. Ifahamike pia kwamba kwenye glaifoseti nyingi za dukani kinachoua samaki wadogo na viluwiluwi zaidi ni ile sabuni iliyochanganywa ili dawa inase kwenye jani, kuliko glaifoseti yenyewe. Na watu wanachota maji ya kunywa hapo.

Kwa mita hizo 60 kazi ni ya mkono, na wakikuruhusu dawa, basi ni brashi. Kata kisiki bapa, sentimita 5 hadi 10 kutoka chini, futa unga wa mbao na mchanga, paka palipokatwa dawa nusu maji nusu. Lakini upake *mara moja*. Sekunde 15, ishirini ukichelewa sana. Shina likikatwa linajifunga mdomo, ukikata kumi halafu ndiyo urudi kupaka, tisa zitachipua. Ndiyo maana kazi hii ni ya watu wawili, mmoja panga, mmoja kopo na brashi, wanatembea pamoja. Tia rangi ya chakula kidogo kwenye kopo ili uone kilichopakwa. Kwenye shina nene kinachohitaji dawa ni ule mviringo wa nje chini ya gamba, katikati ni mti mfu, usipoteze dawa hapo.

Njia hiyohiyo itumie kwenye mawe huko juu. Lantana iliyoota kwenye ufa wa jiwe huing'oi hata kwa mtalimbo.

MkaaBuchosa

Mnahangaika bure wakuu. Choma moto Septemba, biashara imeisha.

NgitiliMagu

Haijaisha, ndiyo inaanza. Moto unaunguza juu, kifundo kiko chini ya udongo kinachipua, na mwanga ukifika ardhini mbegu zilizolala zinaamka zote. Utapata zulia la miche Oktoba. Kuchoma marundo yaliyokauka juu ya mawe, sawa, kwa kibali cha kijiji na siku isiyo na upepo. Moto ukitumika *badala ya panga* halafu dawa ikafuata kwenye machipukizi, nayo inakubalika mahali ambapo hakuna mti wa kuokoa. Moto peke yake, hapana.

Nililosahau: ardhi isikae tupu. Lantana inapenda mwanga na udongo uliochokonolewa, kivuli cha nyasi nzito kinainyima mche nafasi. Wiki mbili baada ya kupuliza unaweza kusia mbegu za malisho katikati ya visiki vinavyokufa. Nyasi aina ya bufeli inavumilia ukame wetu, rhodes nayo nzuri kwenye udongo usiotuamisha maji. Mbegu waulize TALIRI (taasisi ya utafiti wa mifugo) Mabuki pale Misungwi. Na ukiwa na jirani mwenye ua wa lantana zungumza naye taratibu, maana ndege wanakula tunda kwake na kunya mbegu kwako. Mmea wa manyara (mnyaa) unafanya ua mzuri tu na hauleti kesi.

DaktariMifugo_Usagara

Kuhusu mbuzi kwa kifupi. Lantana ni sumu kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo, mbichi na hata ikishakauka. Inaharibu ini. Mnyama mwenye njaa aliyeletwa kutoka eneo lisilo na lantana ndiye anayekula. Dalili: anaacha kula, choo kigumu, anakimbilia kivuli, weupe wa macho unakuwa njano, pua na sehemu zenye ngozi nyeupe zinaungua na kubanduka akikaa juani. Ukiona hayo mtoe hapo, muweke kivulini, mwite mtaalamu siku hiyohiyo, usingoje.

Jani lililopulizwa likianza kusinyaa linaweza kumvutia mnyama ambaye awali alikuwa analikwepa. Mbuzi wasiingie mpaka vichaka vimekauka na kuondolewa na nyasi zimesimama.

ShambaKayenze

Nimeandika yote. La mwisho: baada ya hizo wiki sita nitajuaje kimekufa kweli au kimejifanya? Na maji ya kuoshea bomba na chupa tupu nipeleke wapi?

FundiBomba

Kwangua gamba kwa ukucha karibu kabisa na ardhi, si juu kwenye kijiti. Chini ya gamba pakiwa kijani na majimaji, kiko hai, kiwekee alama ya kitambaa ukisubiri Machi. Pakiwa kahawia na pakavu, kwangua upande wa pili wa kisiki pia, maana nusu inaweza kufa na nusu ikabaki. Kisiki kikubwa kinaweza kuchukua miezi mitatu kufa kabisa, kwa hiyo cha kijani hafifu usikimbilie kukirudia.

Bomba lisuuze mara tatu kwa maji kidogokidogo, na kila mara hayo maji yapulize kwenye lantana ileile uliyoimaliza, upande wa juu. Usilioshee ziwani hata iweje, wala kwenye mfereji unaoshuka huko. Chupa nayo mara tatu, maji yake yaingie kwenye bomba wakati bado unachanganya, halafu itoboe kitako kwa msumari. Ikishatobolewa hakuna wa kuichukua kuwekea mafuta ya taa au maji ya kunywa. Chupa zenyewe mwulize afisa kilimo wa kata zinakusanywa wapi kwenu, usizichome. Glovu zioshe ukiwa umezivaa kabla ya kuzivua, na nguo za kazi zifuliwe peke yake, zisiingie kwenye beseni la nguo za watoto.